Maji Hufuata Mkondo: Mabonde na Miinuko ya Dar es Salaam na Makazi ya Watu Wake

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa chama chetu)



 Mara ya mwisho niliposimama mbele ya ukumbi huu nilikuwa nimeitwa kwa kosa la kuchelewa mstarini, kwa hiyo mtakubali kwamba nimepiga hatua. Katibu aliponiandikia alinitaka nieleze kazi yangu Serikalini. Kazi yangu ni ya ramani na viwanja, nami najua vizuri kwamba mtu aliyekwisha shiba pilau hapaswi kusomewa kanuni za upimaji. Basi nimeonelea niseme juu ya mji wetu wenyewe. Swali langu ni hili: kwa nini katika Dar es Salaam watu wa namna fulani wanakaa mahali fulani? Je, ni ardhi iliyowapanga hivyo, au ni binadamu?

Swali hili sikulipata Chuo Kikuu. Nililipata hapa. Mwaka 1995, tukiwa Kidato cha Pili, mwalimu wetu wa Jiografia alitupa kazi ya nyumbani ambayo wengi wa rika langu mnaikumbuka. Alituambia kila mmoja achore njia yake ya kurudi nyumbani, si kama ndege aonavyo kutoka juu, bali kwa ubavu: wapi unapanda, wapi unateremka, na wapi maji husimama mvua ikinyesha. Kesho yake alizibandika karatasi zetu ukutani. Kijana wa Oysterbay alichora daraja moja, mwinuko mdogo, kisha nyumba na bahari nyuma yake. Mwenzetu wa Kigamboni alichora pantoni. Mimi, wa Magomeni, nilichora mteremko wa Jangwani na kupanda ng'ambo ya pili. Rafiki yangu tuliyekuwa tukikaa naye dawati moja alichora mstari unaoteremka, ukaishia hapo hapo chini. Mwalimu akamwuliza, "Umesahau kupanda?" Akajibu, "Hapana Mwalimu, nyumbani ndiyo hapo." Darasa zima tulicheka. Mimi nilicheka zaidi ya wote. Kicheko hicho nitakirudia baadaye.

ARDHI YENYEWE

Tuanze na ardhi, maana ndiyo iliyotangulia. Mji wetu umekaa juu ya uwanda wa pwani ambao kwa sehemu kubwa ni mchanga, na upande wa bahari yako mawe ya matumbawe yaliyoinuka juu ya maji. Mashariki ni Bahari ya Hindi. Kusini kuna bandari yenye mlango mwembamba na maji yaliyotulia ndani, na kutoka bandarini linatoka hori la Gerezani, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Magharibi, mbali kidogo, vimesimama vilima vya Pugu. Huko vilimani ndiko unakotoka mto Msimbazi. Unateremka kati ya Tabata na Vingunguti, unapita Kigogo, unatanuka Jangwani, kisha unaingia baharini kwenye mikoko ya Daraja la Selander.

Ukiitazama ramani hiyo utaona jambo moja. Mji wa kwanza, kuanzia bandari hadi Ilala, ulizungukwa na maji karibu pande zote: bahari mbele, bandari na hori kusini, bonde la Msimbazi kaskazini na magharibi. Kila mji uliokua nje ya hapo ilibidi uvuke bonde au hori.

Jambo la pili ni upepo. Kaskazi na Kusi, pepo zote mbili tunazozijua watu wa pwani, hutujia kutoka upande wa bahari. Kwa hiyo anayekaa ufukweni hupata hewa kwanza, na anayekaa ndani hupata hewa iliyokwisha pita juu ya mapaa, majiko na moshi wa wenzake. Ardhi imefanya hayo tu: hapa juu, pale chini, huku upepo, kule maji yaliyotuama. Mengine yote yaliyofuata ni kazi ya watu.

MNAZI MMOJA HAPAKUWA NA MTO

Kabla ya mji kulikuwa na Mzizima, kijiji cha wavuvi na wakulima karibu na ufuko. Sultani Majid wa Zanzibar aliipenda bandari hii kwa sababu ya kina chake na utulivu wake, akaanza kujenga miaka ya 1860. Alifariki mwaka 1870, na kazi ikalala. Wajerumani walifika mwaka 1887, na mwaka 1891 wakahamisha makao makuu yao kutoka Bagamoyo, ambako maji ya pwani ni mafupi na meli kubwa hukaa mbali.

Wajerumani walichagua upande wa mashariki, penye upepo, wakapanda miti kando ya njia pana na kujenga nyumba zenye baraza. Hospitali yao ya Ocean Road, iliyokamilika mwaka 1897, iliwekwa mahali upepo wa bahari unapofika bila kizuizi. Wakati huo malaria ilikuwa ikiwaua wageni wengi, na daktari mashuhuri Robert Koch alifika hapa mwaka 1897 na 1898 kuichunguza. Elimu ya mbu ilipojulikana, wakoloni waliitumia kwa namna mbili. Walifukia madimbwi, jambo ambalo lilikuwa jema. Lakini pia walisema kwamba Mzungu lazima alale mbali na nyumba za Waafrika kwa ajili ya afya yake, wala hawakusema kwamba Mwafrika naye ana afya ya kulindwa.

Sheria ya majengo ya mwaka 1891 iliweka kanda kwa kufuata aina ya nyumba. Naomba vijana mlizingatie jambo hili. Sheria iliyoandikwa kwa namna hiyo haina haja ya kutaja rangi ya mtu. Inasema tu kwamba mahali hapa patajengwa nyumba ya mawe ya namna kadha wa kadha. Mwenye uwezo wa nyumba ya miti na udongo anajikuta nje bila kufukuzwa na askari. Waingereza, waliouchukua mji mwaka 1916, waliendelea na desturi hiyo. Hivyo ndivyo tulivyopata majina ambayo wazee wetu waliyatumia bila kushangaa: Uzunguni kwenye upepo, Uhindini katikati penye maduka, na Uswahilini nyuma.

Uswahilini ya kwanza kubwa ni Kariakoo, mitaa iliyonyooka kama mistari ya daftari, iliyopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliopiga kambi pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Sasa nawaulizeni, kati ya Kariakoo na Uhindini kuna nini? Kuna Mnazi Mmoja. Na Mnazi Mmoja hapana mto, hapana kilima, hapana hori. Ardhi yake ni tambarare kama meza. Penye Msimbazi watawala walipata mpaka wa bure, lakini pale ardhi ilipowanyima mpaka waliutengeneza kwa mikono yao: waliondoa vibanda, wakaacha uwanja mtupu, wakauita kinga ya afya. Mtu akikuambia kwamba mji huu ulijigawa wenyewe kwa sababu ya mabonde, mpeleke Mnazi Mmoja umwonyeshe.

Karibu na mwaka 1930 lilijengwa Daraja la Selander, na ng'ambo ya mdomo wa Msimbazi, juu ya mawe ya matumbawe, Uzunguni mpya ikaanza kukua Oysterbay. Viwanja vilikuwa vikubwa, nyumba moja hapa na nyingine kule, baraza zote zikiutazama upepo. Jirani yake, Msasani, wavuvi walikuwa wamekaa tangu kale, na kijiji chao kikazungukwa. Waafrika walipozidi mjini, walipimiwa Ilala, na baada ya Vita Kuu ya Pili wakapimiwa Magomeni, Temeke na Kinondoni. Wahindi walitoka katikati ya mji wakaenda Upanga. Bonde la Msimbazi likabaki katikati ya wote, likilimwa mpunga na mboga, na pale Jangwani likawa uwanja wa mpira na wa mikutano ya hadhara.

RANGI ILIONDOKA, MTEREMKO UKABAKI

Tulipopata Uhuru mwaka 1961, kamba ya rangi ilikatwa. Wakubwa wetu wapya, wale waliokuwa wakiitwa naizi, waliingia Oysterbay. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, likavunja vibanda na kujenga nyumba bora Magomeni na kwingineko. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Hizi zilikuwa hatua kubwa, na si haki kuzidharau leo tukiwa tumekaa kivulini.

Lakini ukubwa wa viwanja haukubadilika. Ekari moja ya Oysterbay iliendelea kuwa ekari moja. Aliyebadilika ni aliyekaa ndani yake. Kabla ya Uhuru ulihitaji ngozi fulani ili upate upepo wa bahari. Baadaye ulihitaji cheo, kwa kuwa nyumba zilikuwa za Serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nyumba nyingi za Serikali ziliuzwa kwa watumishi, na tangu hapo unahitaji fedha. Mimi ni mtumishi wa Serikali na sisemi haya kwa kumlaumu mtu. Nasema tu kwamba mlango ni ule ule, ila umebadilishiwa ufunguo mara mbili.

Wakati huo huo mji ulifurika watu. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu wapatao 273,000 mjini. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa mzima. Hawa wote walipaswa kulala mahali. Serikali ilipima viwanja vyenye huduma Sinza, Kijitonyama na Mikocheni katika miaka ya 1970, kwa nia ya kuwasaidia makabwela. Nia ilikuwa njema, na Sinza mpaka leo ni ushahidi kwamba mtaa wa watu wa kawaida unaweza kupimwa kabla ya kujengwa. Lakini viwanja havikutosha, na vingi baadaye vilinunuliwa na wenye nafasi. Mradi wa viwanja 20,000 uliofuata mwaka 2002 ulipima maeneo ya pembezoni, na bei yake ilikuwa ngumu kwa mchuuzi wa Kariakoo.

Basi mchuuzi huyo alikwenda wapi? Alikwenda bondeni. Watu husema wakazi wa bondeni hawajui hatari. Ndugu zangu, wanaijua kuliko sisi. Lakini kutoka Jangwani au Mkwajuni mtu alikwenda kazini kwa miguu, akihifadhi nauli kwa ajili ya unga. Alipima mafuriko ya siku chache kwa mwaka dhidi ya nauli ya kila siku, akachagua. Hesabu yake inaweza kuwa na makosa, lakini ni hesabu.

MFANO WA MWANZA

Huenda mtu akasema, "Basi ni kanuni ya maumbile: tajiri juu, maskini chini." Twendeni Mwanza tukaijaribu kanuni hiyo. Mwanza ni mji wa vilima vya mawe. Huko ukiangalia Igogo au Mabatini utaona nyumba za watu wa kipato cha chini zimepanda juu kabisa, zimebanana kati ya majabali, na akina mama wakipandisha ndoo za maji kichwani. Wenye nacho wanakaa Capri Point, kwenye rasi ya ziwa, penye barabara na upepo.

Kwa hiyo Dar es Salaam maskini ameteremka, na Mwanza maskini amepanda. Si urefu wa ardhi unaompanga mtu. Maskini hupelekwa mahali ambapo ni vigumu kujenga, ambapo gari la zimamoto haliingii, ambapo bomba halifiki na mpimaji hajafika. Mahali hapo panaweza kuwa juu au chini. Kinachopafanya pawe pa maskini ni kwamba aliyetangulia, mwenye nguvu, hakupataka.

Hata katika mji wetu ramani haikunyooka. Manzese haiko yote bondeni, lakini ilijengwa bila kupimwa. Huko Msasani, katikati ya majumba, kuna mahali panaitwa Bonde la Mpunga, na jina lenyewe linakueleza maji yalikuwa wapi. Mikocheni na Mbezi Beach wapo wenye fedha waliojenga kwenye njia ya maji. Tofauti ni hii: wao huinua msingi, hujenga ukuta na kununua pampu, na maji yaliyozuiwa na ukuta huo huenda kwa jirani asiye na ukuta. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Katika mji wetu mkondo hujengwa.

Vijana, yasikilizeni majina ya mitaa yenu: Jangwani, Mchikichini, Mtoni, Kijitonyama. Wazee walioyataja hawakusoma kontua, lakini walituachia ramani katika vinywa vyao. Tuliisahau ramani hiyo, tukajenga juu yake.

MAJI YA DESEMBA 2011

Sasa narudi kwenye kicheko changu.

Mwezi wa Desemba 2011 ilinyesha mvua ambayo wataalamu walisema haijapata kunyesha hapa tangu mwaka 1954. Msimbazi ulijaa ukingo hadi ukingo. Watu wapatao 40 walipoteza maisha na maelfu walikosa makazi. Mimi nilikuwa mmoja wa maofisa waliotumwa bondeni, maji yalipopungua, kuandikisha walioathirika. Nilikuwa na fomu mkononi. Fomu ile ilikuwa na nafasi tatu za kuweka alama: mmiliki, mpangaji, mvamizi. Maelekezo yalikuwa kwamba kwa kuwa Mpango Mkuu wa mwaka 1979 ulikwisha yataja mabonde haya kuwa ardhi ya hatari, kila mwenye nyumba aandikwe mvamizi.

Katika nyumba ya kumi au kumi na moja nilimkuta mama mmoja anaanika godoro juu ya ukuta uliobaki. Nikamwambia, "Shikamoo mama." Akaniitikia, "Marahaba baba," kisha akanitazama sana, akanitaja kwa jina. Alikuwa mama wa rafiki yangu wa dawati moja. Nyumba ile nilikuwa nimeila ugali mara nyingi, tukitoka shule.

Nilimwuliza maswali ya fomu, nikaweka alama. Akaniuliza, "Baba, hapo umeniandika nani?" Nikamsomea. Hakukasirika. Aliingia ndani akatoka na mfuko wa plastiki uliofungwa kwa kamba, kitu cha pekee alichokiokoa kabla ya sufuria. Ndani yake mlikuwa na karatasi ya kununulia kiwanja ya mwaka 1984, iliyotiwa sahihi mbele ya mjumbe wa nyumba kumi. Mlikuwa na risiti za kodi ya jengo, mwaka baada ya mwaka. Ukutani pale pale palikuwa na mita ya umeme. Akaniambia, "Mvamizi huja usiku. Mimi nililetwa hapa na mjumbe, mchana, watu wanaona."

Sikuwa na jibu. Niliiacha alama kama ilivyokuwa, kwa sababu ndivyo nilivyoagizwa, nikaenda nyumba iliyofuata. Nimefanya kazi Serikalini zaidi ya miaka ishirini, na hiyo ndiyo alama ambayo ningependa kuifuta.

Mama alipewa kiwanja Mabwepande pamoja na wenzake mwaka 2012, kiasi cha kilomita 30 kutoka katikati ya mji. Mahali ni pakavu na pa juu. Lakini biashara yake ya maandazi ilikuwa Kariakoo, na nauli iliyala maandazi yote. Mwanawe alipanga chumba Tandale ili awe karibu na kazi, na Tandale nako mto Ng'ombe hupita. Kwa hiyo familia iliyokuwa pamoja bondeni iligawanyika: mzee yuko juu, mbali na riziki, kijana yuko chini, karibu na riziki. Rafiki yangu huyo yumo humu ukumbini, na ndiye aliyeniruhusu niwasimulie haya. Nimemwomba radhi kwa alama ile. Leo namwomba radhi mbele yenu kwa kicheko cha mwaka 1995.

TUFANYE NINI?

Msije mkadhani nasema watu waachwe bondeni. Hapana. Bonde ni la mto, na mto utarudi. Mwishoni mwa mwaka 2015 nyumba nyingi zilibomolewa, zikiwemo za Mkwajuni. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za mradi wa bonde la Msimbazi, ambao baadaye ulianza kulipa wakazi na kuwaondoa ili mto upewe nafasi yake. Kuwaondoa watu ni lazima. Ninachosema ni kwamba namna tunavyowaita wakati wa kuwaondoa huamua watakwenda wapi. Mvamizi hufukuzwa. Mwananchi aliyeuziwa mahali pabaya, mbele ya mjumbe, akatozwa kodi na kuunganishiwa umeme, huhamishwa kwa heshima na kulipwa.

Tena makosa ya bonde si ya makabwela peke yao. Mabasi ya mwendo wa haraka yalipoanza mwaka 2016, karakana yao kubwa ilikuwa Jangwani, na maji yameingia humo zaidi ya mara moja. Waliochagua mahali pale hawakuwa wachuuzi wa maandazi. Walikuwa wasomi kama sisi, wenye ramani mezani.

Kwa wenzangu tulio Serikalini na kwenye makampuni nina maneno matatu. Kwanza, tupime ardhi nzuri kwa ajili ya watu wa kipato cha chini kabla hawajafika, tena karibu na kazi, si mahali ambapo nauli inameza mshahara. Pili, nauli ni sehemu ya nyumba. Usimhesabie mtu kiwanja bila kumhesabia basi. Tatu, tuvitunze vilima vya Pugu na kingo za mito, maana kila mti unaokatwa juu na kila lori la mchanga linalochotwa mtoni huonekana Jangwani mwezi wa Aprili.

Nanyi vijana, nimewaletea kazi ya nyumbani, na Mwalimu wenu wa Jiografia ameshanikubalia. Leo mkirudi, choreni njia zenu kwa ubavu kama tulivyochora sisi. Wapi mnapanda, wapi mnateremka, wapi maji husimama. Kisha ongezeni jambo moja ambalo sisi hatukuulizwa: nani aliamua kwamba nyumba yenu iwe hapo? Waulizeni wazazi na babu zenu. Wengine mtapata barua ya Serikali, wengine sahihi ya mjumbe, wengine neno tupu la jirani. Zibandikeni ukutani zote pamoja.

Shule hii ilikuwa na jambo moja ambalo mji hauna. Hapa kijana wa Oysterbay na kijana wa bondeni walikaa dawati moja, sakafu ikiwa sawa chini ya miguu yao. Tulitoka hapa tukaenda kila mtu kwenye mwinuko wake. Wapo kati yenu ambao kesho mtashika fomu kama ile niliyoishika mimi. Kabla hujaweka alama, mwulize mwenye nyumba alifikaje pale, na akikuonyesha karatasi, isome.

Na katika karatasi hizo za ukutani, akitokea mwenzenu ambaye mstari wake unateremka na kuishia chini, msicheke.